Kahawa ya papo hapo yenye ladha ya kahawa: kuitengeneza kwa mikupuo midogo na kuiuza

Kahawa ya papo hapo ni kahawa iliyokwisha kupikwa na kuchujwa, kisha ikaondolewa maji. Mteja anarudisha maji tu. Unga wako basi hauwezi kuwa mtamu kuliko kahawa uliyoipika kabla ya kuikausha, na anayelalamika kwamba kahawa ya unga ina ladha ya kuungua mara nyingi analalamikia kilichofanyika wakati wa kupika.

Viwanda vikubwa hukamua sana. Maji yenye joto linalopita nyuzi 150 husukumwa kwa shinikizo ndani ya mitungi iliyojaa kahawa iliyosagwa, na joto hilo huvunja sehemu za punje ambazo maji ya jikoni hayaziyeyushi kabisa. Kinachotoka kinaongeza uzito wa unga lakini hakina harufu, na kinakuja na ule uchungu mkavu unaobaki kooni. Shirika la Kimataifa la Kahawa (ICO) katika hesabu zake huchukua kilo 2.6 za kahawa safi (punje zilizomenywa ambazo bado hazijakaangwa) kuwa sawa na kilo 1 ya kahawa ya kuyeyuka. Kahawa ya kawaida ya kikombeni, iliyopikwa kwa maji ya nyuzi 93 hivi, hutoa karibu asilimia 20 tu ya uzito wake. Ukitaka unga wenye ladha ya kahawa hiyo, na ukihesabu inayopotea njiani, utahitaji kahawa mara tatu au zaidi ya anayoitumia mwenye kiwanda.

Hapo ndipo biashara yote inapoamuliwa. Kubali kukamua kidogo, halafu panga bei kwa hesabu hiyo. Anayetaka ladha ya mikupuo midogo kwa bei ya kipakiti cha kiwandani atafilisika, au ataanza kuchemsha machicha mara ya tatu na kurudi kule kule.

Mwongozo huu ni wa mtengenezaji mdogo mwenye vyumba viwili safi, mashine moja ya kukausha, na lengo la kilo 6 au 7 za unga kwa mwezi.

Njia ya kukausha

Njia zinazofahamika ni mbili. Ya kwanza ni kunyunyiza: kahawa nzito hurushwa kama ukungu ndani ya mnara wenye hewa ya moto inayozidi nyuzi 200, ikakauka kwa sekunde chache. Ni ya haraka na nafuu kwa tani, ila sehemu kubwa ya harufu huondoka pamoja na mvuke. Ya pili ni kukausha kwa baridi: kahawa hugandishwa iwe barafu, kisha pampu hutoa hewa ndani ya chemba mpaka barafu igeuke mvuke bila kupitia hali ya maji. Kahawa haiguswi na moto, kwa hiyo harufu nyingi hubaki. Mashine ndogo za aina hii, za trei nne au tano, zinapatikana kwa kuagiza, na ndizo zinazotumiwa na baadhi ya wakaangaji wadogo kwa kazi hii.

Usijaribu kukausha kwenye oveni wala juani. Kahawa ikikaa saa nyingi kwenye joto huwa nyeusi na ya kunata kama lami. Hata ukifanikiwa kuisaga, itavuta unyevu na kushikana siku hiyohiyo. Asiye na mashine atafute mwenye nayo amkaushie kwa malipo. Hakuna njia ya mkato hapa.

Vifaa

Mashine ya kukausha kwa baridi yenye uwezo wa lita 5 hivi kwa mkupuo. Friza ya kulala. Jokofu la kawaida. Ndoo au sufuria mbili za chuma cha pua za lita 20, zenye mifuniko. Mashine ya kusaga ya meno bapa. Ile ya visu hutoa vumbi na mapande kwa pamoja, na vumbi hilo litakusumbua kwenye kuchuja. Kipimajoto. Mizani miwili, mmoja wa kilo na mmoja wa kusoma hadi gramu 0.01. Refraktomita ya Brix, ile ndogo ya mkononi wanayotumia wapimaji wa sukari kwenye matunda. Kitambaa cha kuchujia na karatasi za kuchujia. Mashine ya kubana mifuko kwa joto. Kiyoyozi au kikausha hewa, pamoja na kipima unyevu cha ukutani. Mwisho stabilaiza ya umeme, na ikiwezekana jenereta. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 1: Chagua na kaanga kahawa

Arabika iliyooshwa (iliyotolewa ganda na kuoshwa kabla ya kuanikwa) ya Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga hutoa unga wenye harufu na uchachu mzuri. Robusta ya Kagera hutoa uzito mdomoni na uchungu unaostahimili maziwa. Kwa unga wa kunywa na maji matupu anza na arabika tupu. Kwa unga wa kunywa na maziwa jaribu sehemu 6 za arabika na 4 za robusta, ukitafuta robusta iliyooshwa, kwa sababu iliyokaushiwa ndani ya ganda mara nyingi huja na harufu ya udongo.

Chambua kwa mkono kabla ya kukaanga: toa nyeusi, zilizoliwa na wadudu, zenye harufu ya kuchachuka. Kukausha hakufichi kasoro. Harufu tamu na nyepesi ndizo zinazotangulia kupotea njiani, ukungu na uchachu mbovu hubaki, kwa hiyo kasoro ambayo kwenye kikombe cha kawaida ungeivumilia huonekana zaidi kwenye unga.

Kaanga kwa kiwango cha kati, punje ziwe za kahawia, kavu, bila mafuta juu. Njia nyepesi ya kujikagua ni uzito: kilo 10 za kahawa safi zirudi kilo 8.4 hadi 8.6. Zikirudi kilo 8 au pungufu umekaanga mno, na unga utakuwa na uchungu wa mkaa. Zikibaki zaidi ya kilo 8.8, unga utakuwa na ladha ya nyasi na karanga mbichi. Baada ya kukaanga, acha kahawa ipumzike siku mbili hadi nne kwenye chombo kilichofunikwa lakini kinachopumua. Kahawa ya siku hiyohiyo bado inatoa gesi nyingi; hufura ikimwagiwa maji na hainyonyi sawasawa.

Hatua ya 2: Maji

Maji yenye klorini, au ya kisima chenye chumvi kama visima vingi vya pwani, yataharibu kila kitu, na ukiyagandisha na kuyakausha chumvi yake yote inabaki ndani ya unga. Tumia maji yaliyochujwa kwa mkaa na yenye madini machache. Usitumie maji yasiyo na madini kabisa, kwani kahawa hutoka bapa na kali.

Joto liwe nyuzi 92 hadi 94. Kumbuka mwinuko wa mahali ulipo: Bukoba, iliyo kwenye mita 1,150 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 96, Mbozi huchemka karibu nyuzi 94 au 95. Ukiwa huko, maji yanayochemka yanafaa karibu moja kwa moja. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, subiri yapoe dakika chache na upime.

Hatua ya 3: Pika kahawa nzito

Hesabu hii ni ya mkupuo mmoja, kilo 3 za kahawa iliyokaangwa.

Saga ukubwa wa chembe za sukari ya dukani. Weka kwenye ndoo ya chuma cha pua, mwaga lita 15 za maji moto, koroga mpaka hakuna punje kavu, funika. Ukiacha wazi, harufu itajaza chumba, na harufu iliyojaza chumba haitakuwemo kwenye kipakiti. Baada ya dakika 3 koroga tena mara moja. Baada ya dakika 6 fungua na uchuje kwa kitambaa.

Machicha hubaki na maji karibu mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo kati ya lita 15 utapata lita 9. Ikamue kwa uzito mdogo tu, kwa mfano ubao uliowekewa jiwe. Ukiikamua kwa nguvu, vumbi na ukakasi vitapita.

Sasa mwagia machicha lita 6 za maji moto, acha dakika 3, chuja. Haya ni maji ya pili. Ni mepesi, na hayaendi kwenye kukaushwa. Yapoze, yaweke kwenye jokofu chini ya nyuzi 4, na uyatumie kama sehemu ya maji ya kupikia mkupuo unaofuata, kabla ya saa 36 kupita. Yakikaa zaidi huchachuka. Yaonje, na ukisikia uchachu wa maziwa yaliyolala, mwaga bila huruma. Maji ya tatu usitoe. Yanaonekana bado yana rangi, na hapo ndipo watu hunogewa, lakini kilichomo ni uchungu na ukakasi tu.

Kahawa yako ya kwanza, zile lita 9, ichuje tena kwa karatasi, kisha ipoze haraka: weka chombo kwenye beseni la maji na barafu, koroga, ishuke chini ya nyuzi 10 ndani ya nusu saa. Kahawa inayokaa moto huendelea kubadilika yenyewe na kuwa chachu na chungu. Ni sababu ileile inayofanya kahawa ya asubuhi kwenye chupa ya chai isinyweke jioni.

Pima. Tone moja kwenye refraktomita. Chukua namba ya Brix, zidisha kwa 0.85, upate asilimia ya kahawa iliyoyeyuka. Brix 5.9 ni karibu asilimia 5, na hapo ndipo unapotaka kuwa. Kama huna refraktomita, weka gramu 100 za kahawa kwenye trei pana, kausha kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena: zikibaki gramu 5, una asilimia 5. Oveni hapa ni ya kipimo tu, kilichobaki ni cha kutupa.

Ikiwa kipimo kiko chini ya asilimia 4, umesaga nene, maji yalikuwa baridi, au kahawa ilibaki na mabonge makavu. Usirekebishe kwa kuongeza muda hadi nusu saa. Rekebisha usagaji kwanza.

Hatua ya 4: Ongeza uzito bila moto

Ukiweka kahawa ya asilimia 5 kwenye mashine ya lita 5, utapata gramu 250 tu za unga kwa zaidi ya siku nzima ya umeme. Ukiichemsha ili maji yapungue, umeharibu ulichokilinda. Tumia barafu.

Mimina lita 9 kwenye ndoo yenye koki au tundu chini, funga, weka kwenye friza ya nyuzi -18 kwa siku nzima. Kesho yake itoe, ifungue koki, iache itone ndani ya jokofu. Kinachoyeyuka mwanzo ni kahawa nzito, nyeusi kabisa. Barafu inayobaki hupauka kadiri muda unavyokwenda mpaka iwe na rangi ya chai hafifu. Nusu ya kwanza inayotona hubeba kwa kawaida zaidi ya robo tatu ya kahawa yote. Kusanya lita 5 za kwanza, pima: tafuta Brix 9 hadi 10, yaani asilimia 8 hivi. Barafu iliyobaki iyeyushe na uiunganishe na maji ya pili ya kupikia kesho. Hakuna kinachopotea.

Kutona kunachukua saa nyingi ndani ya jokofu. Kuna wanaoiacha nje kwenye joto la chumba ili iwahi. Barafu ya pembeni huyeyuka yote kwa haraka na kuchanganyika, na unaishia na kahawa nyepesi kama uliyoanza nayo.

Lita 5 za asilimia 8 ni gramu 400 za unga. Kwa kuwa ulianza na kilo 3, hesabu kilo 7.5 za kahawa iliyokaangwa kwa kilo 1 ya unga, sawa na kilo 8.8 hivi za kahawa safi.

Hatua ya 5: Gandisha na kausha

Mimina kwenye trei, kina kisizidi milimita 10 hadi 12. Kina kikizidi hapo, katikati huchelewa, na mtu asiye na subira hutoa trei yenye uso mkavu na moyo wa barafu.

Jambo muhimu kuliko yote kwenye hatua hii ni kwamba kahawa nzito haigandi yote kwenye nyuzi -18. Kwa macho ni ngumu, lakini ndani kuna sharubati isiyoganda katikati ya fuwele za barafu. Pampu ikianza kuvuta hewa, sharubati hiyo hufura, hutoa povu, humwagika kwenye chemba, na trei inabaki na ukoko mweusi unaong'aa. Igandishe mpaka nyuzi -35 au chini zaidi kabla ya kuwasha pampu. Mashine nyingi hufanya hivyo zenyewe. Ukiwa umetanguliza trei kwenye friza, bado iache mashine iishushe kwa saa 3 au 4 nyingine.

Kasi ya kuganda hubadilisha sura ya unga. Kahawa iliyoganda polepole ina fuwele kubwa, hukauka haraka na unga huwa mweusi. Iliyoganda kwa kasi huwa ya kahawia hafifu. Ladha haitofautiani sana, lakini mteja anahukumu kwa macho, kwa hiyo chagua moja na uishike.

Shinikizo lishuke chini ya milibari 0.7, na joto la rafu lipande taratibu, mwisho nyuzi 40. Hesabu saa 24 hadi 36 kwa mkupuo. Mashine ikisema imemaliza, usiiamini mara moja. Toa trei moja, ipime, irudishe saa 2, ipime tena. Uzito ukibaki uleule, imekauka. Ukipungua hata gramu chache, endelea. Ukishika chini ya trei na kukuta sehemu ya baridi, hapo pana barafu. Lengo ni unyevu wa asilimia 3 kwenye unga. Ukizidi 5, unga utashikana kwenye kipakiti.

Umeme ukikatika wakati wa kukausha, usifungue mlango. Kukatika kwa dakika chache mara nyingi hakudhuru kama ombwe (hali ya kutokuwa na hewa ndani ya chemba) bado limeshika. Ukirudi baada ya saa moja na kukuta kahawa imekuwa gundi, mkupuo huo haurudi kuwa bora: unaweza kuuyeyusha na kuukausha upya, lakini uuze kama kahawa ya maziwa, usiuchanganye na ule wa daraja la kwanza. Angalia pia mafuta ya pampu kila mkupuo. Yakiwa na rangi ya maziwa yameingiwa na maji, na pampu haitafikia shinikizo unalotaka.

Hatua ya 6: Vunja, chekecha, fungasha

Hapa ndipo unga mzuri hufia, hasa Bukoba kando ya ziwa na miji yote ya pwani. Unga uliotoka kwenye mashine una njaa ya maji. Ukiuacha wazi kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 75, baada ya dakika chache chembe zinanata vidoleni, na baada ya nusu saa una bonge.

Andaa chumba kabla ya kufungua mlango wa mashine: kiyoyozi na kikausha hewa viwe vimefanya kazi mpaka kipimo cha ukutani kisome chini ya asilimia 40. Ngoja trei zifikie joto la chumba ndani ya mashine. Trei baridi huvutia umande. Toa moja, vunja kwa mkono wenye glavu kavu, pitisha kwenye chekecho la milimita 2.5, kisha la milimita 1. Kinachobaki katikati ndicho cha kuuza. Vumbi lililopita lote lirudishe kwenye kahawa ya mkupuo unaofuata, kwa sababu vumbi huelea juu ya maji na kufanya madonge. Ukimaliza trei moja, funga unga wake kwenye mfuko wa alumini ndipo utoe nyingine.

Kipakiti kiwe na tabaka la alumini. Plastiki angavu, hata nene, hupitisha unyevu na hewa, na karatasi ya kaki isiyo na alumini ndani ni pambo tu. Ukiweza, puliza naitrojeni kabla ya kubana. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoua harufu kwanza. Jaribu ubanaji kwa kuchukua vipakiti vitano kutoka kila mkupuo, uvizamishe kwenye maji na kubonyeza. Kiputo kimoja kinatosha kukuambia joto la mashine liko chini au unga umeingia kwenye mstari wa kubana.

Weka gramu 2.5 kwa kikombe cha mililita 200. Kipimo hicho kinatoa kikombe chenye nguvu ya asilimia 1.25, sawa na kahawa ya kuchuja iliyopikwa vizuri. Ukiweka gramu 1.5 ili kubana matumizi, mteja atasema kahawa yako ni maji, naye atakuwa sahihi. Kwa kipakiti cha kunywa na maziwa weka gramu 3.5.

Kuonja kabla ya kuuza

Onja unga wako kwa hali atakayokuwa nayo mnunuzi. Yeye hana birika la shingo ndefu. Ana chupa ya chai iliyojazwa asubuhi, maji yake sasa ni nyuzi 80 au chini, na mfuniko una harufu ya tangawizi. Tengeneza kikombe kwa maji hayo. Unga uliokauka sawasawa huyeyuka kwa kukorogwa mara chache hata hapo. Ukiona chembe zinaelea au mabaki meusi chini, tatizo liko kwenye kuchekecha au kuchuja.

Kisha pika kahawa ileile kwa kuchuja, iweke pembeni, na uonje viwili bila kujua kipi ni kipi. Unga utakuwa na harufu pungufu kidogo, hilo halikwepeki. Ukiwa na uchungu zaidi, umekamua mno au umekaanga mno. Ukiwa na ladha ya ubao au karatasi, kahawa ilikaa ndefu kabla ya kugandishwa, au kipakiti kinavuja.

Gharama na bei

Mfano huu tumia kama kiunzi, uweke bei za kwako. Tuseme kahawa iliyokaangwa inakugharimu shilingi 20,000 za Tanzania kwa kilo. Kilo 7.5 ni 150,000, zinazotoa kilo 1 ya unga, yaani vipakiti 400: shilingi 375 kwa kipakiti. Mashine ikila uniti 30 kwa mkupuo wa gramu 400, kilo moja ni uniti 75. Kwa shilingi 350 kwa uniti, unapata kama 66 kwa kipakiti. Gesi, maji na usafi 30. Kipakiti chenye chapa 120. Sehemu ya boksi 40. Kazi 100. Mashine ya shilingi milioni 12 ikifanya mikupuo 200 kwa mwaka kwa miaka 5 ni vipakiti 160,000: 75 kila kimoja. Jumla 806. Ongeza vinavyoharibika, fika karibu 850.

Kwa jumla uza 1,150 hadi 1,200, rejareja 1,500 hadi 1,600. Boksi la vipakiti 10 lifike 15,000. Angalia kwamba zaidi ya asilimia 40 ya gharama ni kahawa yenyewe. Kila unapopata wazo la kupunguza gharama, kwanza punguza unga unaopotea kwenye trei na kwenye kufungasha. Ubora wa kahawa na kiasi chake ndicho kitu cha mwisho kugusa.

Nani atanunua

Usiende kushindana na Africafé, kahawa ya papo hapo ya kiwanda cha TANICA cha Bukoba, kwenye rafu ya duka la mtaa. Ile imezoeleka, inapatikana kila mahali, na inafanya kazi yake. Wewe tafuta mahali ambapo mtu anataka kahawa nzuri na hana namna ya kuipika.

Kampuni za kupandisha watalii Kilimanjaro ni mfano ulio wazi. Kibo Hut iko kwenye mita 4,700 na kitu, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 84 au 85 tu. Kahawa ya kusaga hupikika vibaya kwa joto hilo, na mzigo wa wapagazi huhesabiwa kwa kilo. Unga wako unayeyuka huko bila shida, na vipakiti 100 ni gramu 250 tu za kahawa ukiondoa vifungashio. Zungumza na wakuu wa jikoni na wanunuzi wa kampuni hizo Moshi na Arusha, uwaachie vipakiti vya kujaribu safari nzima. Kambi za mahema mbugani, hoteli zinazoweka birika vyumbani, na ofisi zisizo na jiko ziko kwenye kundi hilohilo. Kundi jingine ni Watanzania na Wakenya wanaorudi Uingereza, Marekani au Ghuba: boksi la kahawa ya nyumbani ni zawadi nyepesi isiyovuja kwenye begi.

Mpe mtu kikombe, usimpe maelezo. Meza, birika, vikombe vidogo, bila sukari kwanza, sukari pembeni.

Vibali na lebo

Kwa Tanzania utahitaji kusajili jina BRELA, namba ya mlipa kodi TRA, leseni ya biashara ya halmashauri, leseni ya Bodi ya Kahawa Tanzania iliyoko Moshi kwa ajili ya kununua na kusindika kahawa, na usajili wa bidhaa na eneo TBS, shirika la viwango. Ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wako ni mahali pazuri pa kuanzia; wanajua utaratibu wa wadogo. Kwa mashirika ya viwango ya jirani, Kenya nenda KEBS, Uganda UNBS. Fanya hivi kabla ya kuchapa vifungashio, kwa sababu lebo iliyokosewa ni hasara ya maelfu ya vipakiti.

Lebo iseme: kahawa ya papo hapo, viambato, uzito halisi, namba ya mkupuo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, jina na anuani, na namna ya kutumia: "kipakiti 1, maji moto mililita 200". Kama una robusta ndani, iandike. Kwa tarehe ya mwisho anza na miezi 6 mpaka majaribio yako yakuruhusu kuongeza.

Majaribio hayo ni rahisi. Kutoka kila mkupuo weka vipakiti 8 kwenye kabati lisilo na kiyoyozi, viwili vifunguliwe baada ya mwezi 1, viwili baada ya miezi 3, viwili baada ya 6, viwili baada ya 9. Nusa kwanza, kisha onja, andika kwenye daftari kando ya namba ya mkupuo. Na unapopeleka dukani, peleka boksi chache mara nyingi. Muuzaji akiziweka dirishani kwenye jua, ziombe zihamishwe ndani siku hiyohiyo, na zile zilizokwisha kupata joto zibadilishe kwa gharama yako.